Kibali cha Mgeni na Mrithi Wake katika Migodi ya Shinyanga na Geita

Mtaalamu wa kigeni anayeajiriwa katika mgodi wa Bulyanhulu wilayani Kahama, au katika mgodi mkubwa wa dhahabu wa Geita, haingii nchini kwa muda usiojulikana. Muda wake umehesabiwa katika sheria. Kibali chake cha kazi hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, nacho huweza kuhuishwa. Lakini jumla ya muda wote ina kikomo. Kwa mujibu wa Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 kikomo hicho kilikuwa miaka 5. Marekebisho ya mwaka 2021 yalikisogeza hadi miaka 8.

Watu wengi hukisoma kifungu hicho kama onyo kwa mgeni. Kwa hakika kinamhusu zaidi mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeketi darasani Kahama, Kishapu au Nyang'hwale, kwa maana yeye au mwenziwe ndiye anayetazamiwa kuwa tayari siku kibali hicho kitakapokwisha. Je, atakuwa tayari? Hesabu yake ni fupi, nayo yafaa ifanywe ubaoni mbele ya darasa zima.

Mwanafunzi anayefaulu kidato cha nne hutumia miaka 2 katika kidato cha tano na cha sita. Shahada ya uhandisi wa migodi katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam huchukua miaka 4. Baada ya hapo mhitimu hufanya kazi chini ya uangalizi kwa muda usiopungua miaka 3 kabla ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kumwandikisha kuwa mhandisi kamili. Na mpango wa Bodi hiyo wa mafunzo kwa vitendo kwa wahitimu, ulioanza mwaka 2003, umewekewa muda huo huo. Jumla ni miaka 9, na kikomo cha mgeni ni miaka 8. Kwa hiyo, mgeni akiingia leo, na mrithi wake akiwa ndiyo kwanza anatoka kidato cha nne, mgeni huyo atakuwa amekwisha kuondoka mwaka mzima kabla mrithi hajaruhusiwa kuutia sahihi mchoro wa mgodi. Na hapo haijatiwa miezi ya kungoja matokeo, kungoja nafasi ya chuo, na kungoja ajira yenyewe.

Ukanda huu umewahi kuonja matokeo ya kutoipiga hesabu hiyo mapema. Mwaka 1940 Dakta John Thorburn Williamson, mjiolojia kutoka Kanada aliyesomea Chuo Kikuu cha McGill, aligundua almasi ya Mwadui, katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Kishapu mkoani Shinyanga. Bomba la kimbalaiti la Mwadui, yaani mwamba ubebao almasi, ni miongoni mwa makubwa kabisa duniani yaliyowahi kuchimbwa kwa faida. Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka huo huo mgodi ukauzwa kwa kampuni ya De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika kwa hisa zilizo sawa. Hisa zilihamishwa kwa mkataba. Ujuzi wa kusoma udongo, wa kufuata punje ndogo za madini hadi kwenye chimbuko lake, haukuwa na mkataba wa kuuhamisha.

Kisa cha Geita ni cha namna nyingine, lakini funzo lake ni hilo hilo. Mgodi wa zamani wa dhahabu wa Geita, ambao katika siku zake ulikuwa mkubwa kuliko yote katika Afrika Mashariki, ulifungwa mwaka 1966. Katika miaka ya 1980 shirika la umma lilichimba dhahabu Buckreef, lakini kwa kiwango kidogo. Basi migodi mikubwa iliporejea, Nzega mwaka 1998, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, zaidi ya miaka 30 ilikuwa imepita, na kizazi kilichojua kazi ya mgodi mkubwa kilikuwa kimezeeka. Wataalamu wakaletwa kutoka Afrika Kusini, Australia, Kanada na Ghana.

Hapo kwenye Ghana yafaa msomaji atue kidogo. Waghana hawakuja Geita kwa sababu ya utajiri wa nchi yao. Walikuja kwa sababu mji wa Tarkwa, ulio katikati ya machimbo ya dhahabu ya nchi hiyo, ulipata chuo cha ufundi mwaka 1952, kikakua kuwa chuo cha migodi, na tangu mwaka 2004 ni chuo kikuu kamili cha migodi na teknolojia. Nchi iliyofundisha wahandisi wake jirani na mashimo yenyewe ilipata, baada ya miongo michache, wataalamu wa kutosha hata wa kupeleka nje. Tanzania nayo ina Chuo cha Madini Dodoma, ina idara za jiolojia na uhandisi wa migodi katika vyuo vikuu vyake, na tangu mwaka 2009 VETA Moshi imefundisha mafundi wa migodi kwa ushirikiano na makampuni. Hata hivyo, Moshi na Dodoma ziko mbali na Geita, na umbali huo si wa kilometa tu. Mwanafunzi wa Geita hulitazama lango la mgodi kila siku bila kujua ni somo gani hasa linalolifungua.

Sheria za miaka ya karibuni zimejaribu kuutibu upungufu huo. Kabla ya mwaka 2015 mamlaka ya kumruhusu mgeni kufanya kazi yalikuwa yametawanyika katika vyombo kadhaa. Sheria ya mwaka huo iliyakusanya mikononi mwa Kamishna wa Kazi, naye peke yake ndiye atoaye kibali cha kazi. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Hivi ni vibali viwili tofauti, na aliyepata kimoja hajapata cha pili. Mgeni aliyeingia kwa viza ya matembezi hana ruhusa ya kushika hata koleo la mshahara.

Aidha, ieleweke kwamba katika ajira za kawaida mwombaji wa kibali ni mwajiri, wala si mwajiriwa. Mwajiri ndiye anayetakiwa kumridhisha Kamishna kwamba alimtafuta Mtanzania mwenye sifa hizo asimpate, na ndiye anayetakiwa kuwa na mpango wa urithishaji unaoeleza jinsi ujuzi wa mgeni utakavyopitishwa kwa raia. Mtaalamu anayeahidiwa na dalali kwamba atauziwa kibali mkononi, kisha ajitafutie kazi mwenyewe Kahama au Geita, anadanganywa. Kibali huandikwa kwa kazi fulani na kwa mwajiri fulani. Akihama, safari ya kuomba huanza upya. Mhandisi atahitaji vilevile kuandikishwa kwa muda na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na vyeti vyake vitapimwa. Afadhali ayatengeneze hayo angali kwao, maana kusahihisha herufi moja ya jina katika cheti kwaweza kumgharimu miezi.

Kwa upande wa migodi, Kanuni za Ushirikishwaji wa Watanzania za mwaka 2018, ambazo zimerekebishwa mara kadhaa tangu hapo na kusimamiwa na Tume ya Madini, zimekaza zaidi. Kazi za ngazi ya chini na za ngazi ya kati, wakiwamo wasimamizi wa zamu na wanyapara, ni za Watanzania tu. Nafasi ya juu iliyoshikwa na mgeni haina budi kuambatanishwa na Mtanzania anayejifunza kazi hiyo kwa muda unaowekwa na Tume, kisha akaishika. Mgeni anayetafuta kazi ya ufundi wa kawaida mgodini asijisumbue kuomba.

Raia wa nchi jirani hukosea mara nyingi katika jambo hili. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika mwezi Julai 2010, na mwaka 2012 bodi za wahandisi za Kenya, Uganda na Tanzania zilitia sahihi makubaliano ya kutambua sifa za wahandisi wao. Makubaliano hayo huurahisisha usajili wa kitaaluma. Hayaondoi haja ya kibali. Tena Tanzania ilifungua soko lake la ajira kwa fani zilizotajwa katika jedwali la Itifaki, si kwa kazi zote.

Badiliko la karibuni zaidi lilikuja mwezi Julai 2025, pale amri ya Serikali ilipowapiga wageni marufuku katika aina 15 za biashara, uchimbaji mdogo wa madini ukiwa mojawapo. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Amri hiyo ilizusha malalamiko katika nchi jirani, lakini kwa upande wa madini haikuwa ngeni sana: Sheria ya Madini ya mwaka 2010 ilikuwa imekwisha kuiweka leseni ya uchimbaji mdogo kwa raia peke yao. Inagusa biashara, haigusi ajira ya mtaalamu katika mgodi mkubwa. Mgeni anayeshawishiwa kuleta karasha au pampu kwenye maduara ya wachimbaji wadogo ili "agawane" nao mawe, asome amri hiyo kabla ya kupakia mtambo wake.

Hayo ndiyo maandishi. Swali zito ni kama maandishi hayo huhamisha ujuzi kweli. Makampuni makubwa hutangaza, na hakuna sababu ya kuyatilia shaka, kwamba zaidi ya asilimia 90 ya wafanyakazi wao ni Watanzania. Asilimia hiyo hupokewa kwa makofi katika mikutano. Lakini asilimia huwahesabu watu, na mgodi hausimami kwa hesabu ya watu. Miongoni mwa hao wachache wa kigeni waliosalia huweza kuwamo yule anayeamua nguzo ya mwamba iachwe na unene gani, yule anayekokotoa hewa ya kutosha kwa shimo lenye mitambo ya dizeli, na yule anayeufasiri mtikisiko mdogo wa ardhi usiku. Mgodi unaweza kuwa na Watanzania 97 katika kila 100 na bado maarifa ya kuuendesha yakawa yamekaa vichwani mwa hao 3.

Ugumu wa maarifa hayo waweza kuonyeshwa kwa somo ambalo kila mwanafunzi wa fizikia amelipitia. Katika kioevu, kanieneo hupatikana kwa kuzidisha densiti, nguvu ya uvutano na kina. Mwamba si maji, lakini kwa makisio ya kwanza kanuni hiyo yatosha. Miamba ya ukanda wa Geita na Kahama, yenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500, ina densiti ya kiasi cha tani 2.7 kwa meta moja ya ujazo, au zaidi kidogo. Mgodi wa Bulyanhulu, ambao umechimbwa chini ya ardhi tangu mwanzo, umefika kina cha zaidi ya meta 1,000. Katika kina hicho uzito wa mwamba ulio juu unakandamiza kwa kiasi cha kilo 270 juu ya kila sentimeta ya mraba. Chimba chumba hapo, uondoe mwamba uliokuwa ukiubeba mzigo huo, na mzigo hauondoki: unahamia kwenye kuta na nguzo zilizobaki. Mtu anayetoboa shimo bila kujua mzigo umehamia wapi anacheza na maisha ya zamu nzima.

Makisio ya darasani yanaishia hapo, na utaalamu unaanzia hapo. Mwamba una nyufa, una maji, una tabaka laini zilizobanwa kati ya tabaka ngumu. Unabanwa kutoka pembeni kama unavyobanwa kutoka juu. Kuufahamu mwamba mmoja huchukua miaka ya kuutazama ukibomoka. Ndiyo maana mgodi wa Geita, ulioanza kwa mashimo ya wazi, ulipoanza kuingia chini ya ardhi mwaka 2016, haukuhitaji watu zaidi tu, ulihitaji watu wenye ujuzi mwingine. Dereva hodari wa lori la shimo la wazi, na hata mhandisi wake, hujikuta mwanafunzi tena chini ya ardhi. Mpango wa urithishaji ulioandikwa kwa ajili ya shimo la wazi hauwezi kunakiliwa ukabadilishwa kichwa cha habari.

Na si migodi mikubwa tu inayouhitaji ujuzi huu. Mwezi Januari 2017 watu 15, Watanzania 14 na Mchina 1, walifukiwa chini ya ardhi katika mgodi mmoja mkoani Geita, wakaokolewa wote wakiwa hai baada ya siku tatu hivi. Taifa lilishangilia, na lilikuwa na haki. Katika maduara ya wachimbaji wadogo yaliyoenea Geita na Shinyanga, ambako mtaalamu wa miamba wa kigeni hafiki wala hawezi kulipwa, ujuzi huo utafika kwa njia moja tu: Mtanzania aliyejifunza katika mgodi mkubwa akaja kuufundisha kwa Kiswahili, au kwa Kisukuma.

Kwa hiyo Mtanzania anayeomba nafasi ya msaidizi wa mtaalamu naye ana mambo ya kuyajua, pengine kuliko mgeni. Hatari iliyo mbele yake ni kuwa mrithi wa karatasi: jina lake limeandikwa katika mpango uliopelekwa Tume na kwa Kamishna, kibali cha mgeni kimepita kwa sababu ya jina hilo, na yeye mwenyewe amepewa kazi ya kupiga chapa taarifa. Aulize tangu siku ya kwanza kama jina lake limo katika mpango, ni kazi zipi anatakiwa kuzimudu, na mwaka gani anatakiwa kukabidhiwa. Aweke daftari la kila hesabu aliyoifanya na kila uamuzi aliouona ukifanywa. Bodi ya Wahandisi italidai daftari hilo atakapoomba usajili, na linamlinda pia siku itakapodaiwa kwamba bado hajaiva.

Mgeni mwenyewe asilaumiwe kwa pupa. Mara nyingi hakufunzwa kufundisha, na amewekewa lengo la wakia za dhahabu, si la wanafunzi aliowakamilisha. Mtu anayelipwa kwa kuchimba atachimba. Kama Kamishna, kabla ya kuhuisha kibali, angemwita mrithi aliyetajwa na kumpa tatizo moja la kweli la kulitatua mezani, kungojea kibali kipya kungekuwa na maana nyingine kabisa. Kuongezwa kwa miaka 3 katika marekebisho ya mwaka 2021 kunaweza kutetewa kwa hoja hiyo tu: kazi ya chini ya ardhi haifundishiki kwa miaka 5. Ikiwa miaka hiyo imetumika kumweka mgeni kitini na mrithi mlangoni, basi ilitolewa bure.

Kuna kifungu kimoja ambacho walimu wangefurahia kukisoma, au pengine wangehuzunika. Sheria huyagawa makundi ya vibali kwa herufi. Daraja B limetengwa kwa fani maalumu ambazo taifa limekiri uhaba wake, nazo ni waganga na watumishi wa afya, wataalamu wa mafuta na gesi, na walimu na wahadhiri wa sayansi na hisabati. Mhandisi wa migodi hakutajwa humo. Anaangukia daraja C, pamoja na fani nyinginezo. Sheria yenyewe, basi, imekubali kwamba mwalimu wa hisabati ni adimu kama daktari, na kwa kipimo hicho ni adimu kuliko mhandisi wa dhahabu. Waliotunga kanuni hizo huenda hawakukusudia kutoa hoja, lakini wameitoa: mlolongo wa miaka 9 uliotajwa hapo juu hauanzi chuoni. Unaanza kwa mwalimu wa fizikia wa kidato cha kwanza, na shule ya sekondari isiyo na mwalimu huyo imekwisha kuuongezea mgodi muda wa kukaa na mgeni, pasipo mtu yeyote kutia sahihi.

Migodi hulipa fedha kwa ajili ya jamii zinazoizunguka, na fedha hizo zimejenga madarasa na maabara katika mikoa yote miwili. Majengo yanaonekana na hupigwa picha. Ni rahisi zaidi kuonyesha maabara mpya kuliko kuonyesha wanafunzi 10 wanaoweza kukokotoa kanieneo bila kukariri, na kwa sababu hiyo la kwanza hufanywa mara nyingi zaidi. Hata hivyo lipo jambo lisilo na gharama kubwa ambalo Tume ya Madini ingeweza kulifanya mwaka huu huu. Mipango ya urithishaji inayo orodha ya nafasi zinazoshikwa na wageni, na kila nafasi ina mwaka wa mwisho wa kibali. Majina hayana haja ya kutajwa. Orodha ya nafasi na miaka ingebandikwa katika mbao za matangazo za shule za sekondari za Geita, Kahama na Kishapu: mtaalamu wa miamba, mwaka fulani, mtaalamu wa hewa ya mgodini, mwaka fulani, msimamizi wa uchenjuaji, mwaka fulani, na chini ya kila moja, masomo ya kidato cha nne yanayoelekea huko. Mwanafunzi wa kidato cha pili angeweza kusimama mbele ya ubao huo, akautoa mwaka wa leo kutoka katika mwaka ulioandikwa, na kujua kama bado ana muda.